Kabla Hujang'oa EFI na Kufunga Kabureta: Mwongozo wa Kukagua Injini ya Petroli

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, gari la petroli linalomisi, linalokula mafuta kupita kiasi au linalozima ovyo, likishazunguka kwa mafundi kadhaa bila kupona, hupewa ushauri mmoja: mfumo wa EFI (unaorusha petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta) ung'olewe, ifungwe kabureta. Ushauri huo humvutia mwenye gari kwa kuwa kabureta huonekana, hufunguliwa kwa bisibisi na haina kompyuta. Mwongozo huu unaeleza mambo yanayopaswa kukaguliwa, na kwa mpangilio gani, kabla uamuzi huo haujafikiwa. Unaeleza pia jinsi ya kuitengeneza kabureta kwenye gari ambalo limetoka nayo kiwandani. Msimamo wangu ni kwamba injini ibaki na mfumo iliyoundwa nao, na sababu kubwa ya msimamo huo haimo kwenye mafuta bali kwenye moto wa plagi, kama itakavyoonekana mbele.

Malori ya dizeli hayahusiki hapa. Injini ya dizeli haijawahi kuhitaji kabureta, kwa kuwa mafuta yake hurushwa na pampu kupitia nozeli moja kwa moja kwenye hewa iliyokwisha kubanwa. Magari ya mizigo yanayohusika ni yale ya petroli, kama vile Toyota Hilux ya injini ya 22R na Land Cruiser za injini ya 3F au 1FZ-F.

Hatua ya kwanza: itambue injini yako

Usikubali kuambiwa "hii ni EFI" au "hii ni kabureta" bila kusoma namba ya injini, kwa sababu Toyota na Nissan zimeyaandika maelezo hayo kwenye jina lenyewe. Kwa Toyota, herufi E inayokuja mwishoni, baada ya kistari, huonyesha kwamba mafuta hurushwa kwa mfumo wa kielektroniki. Hivyo 22R ni ya kabureta na 22R-E ni ya EFI, ingawa zote zina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 2,366 na bloku ya jamii moja. 4A-F na 5A-F ni za kabureta, lakini 4A-FE na 5A-FE ni za EFI. Na 1FZ-F ya Land Cruiser hutofautiana na 1FZ-FE kwa njia hiyohiyo. Mtego upo kwenye injini ambazo herufi E ni jina la familia yake: 2E iliyofungwa kwenye Starlet na Corolla ndogo ni ya kabureta, na ndugu yake wa EFI huandikwa 2E-E. Kwa Nissan, tazama herufi ya mwisho. S ni kabureta na E ni EFI, ndiyo maana Sunny B13 na AD Van za zamani zilikuja na GA15DS au GA15DE, na mtu anayenunua spea bila kuangalia herufi hiyo hurudi dukani.

Kwa macho, kabureta hukaa juu ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) ikiwa na eya klina ya duara juu yake, wakati EFI huwa na bomba pana la mpira linalotoka kwenye boksi la eya klina hadi kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio), pamoja na nozeli zenye plagi za nyaya, moja kwa kila silinda.

Hatua ya pili: fahamu kila mfumo unapima nini

Petroli huungua vizuri pale uzito wa hewa unapokuwa mara 14.7 ya uzito wa mafuta. Injini ikiwa baridi au ikipanda mlima kwa nguvu huhitaji mafuta zaidi ya hapo. Kazi ya kabureta na ya EFI ni hiyohiyo moja ya kutunza uwiano huo, ila kila mmoja hufika kwa njia yake.

Kabureta hutumia shingo nyembamba ambamo hewa hulazimika kwenda kasi, na kwa kwenda kasi shinikizo lake hushuka, hivyo mafuta yaliyomo kwenye bakuli husukumwa kupitia jeti (kitundu kilichopimwa) na kuingia kwenye mkondo huo. Boya na sindano yake hutunza kina cha mafuta kwenye bakuli, choki hupunguza hewa asubuhi, na pampu ndogo ya kanyagio huongeza tone la mafuta unapokanyaga ghafla. Mfumo huu hufuata mwendo wa hewa, lakini hauna njia ya kujua hewa hiyo ina uzito gani, na hapo ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo kwa mtu anayesafiri kutoka pwani kwenda nyanda za juu. Hewa ya Mbeya, katika mwinuko wa takriban mita 1,700, ina uzito wa karibu asilimia 85 tu ya hewa ya Dar es Salaam. Kwa hesabu hiyo kabureta iliyorekebishwa vizuri pwani hutoa mchanganyiko wenye mafuta mengi zaidi kwa takriban asilimia 8 ikifika huko. Gari hupanda mlima wa Kitonga, ulio njiani kwenda huko, likiwa linapoteza nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi, na juu ya hapo linachafua plagi kwa mafuta yasiyoungua. Dereva anayeishi Mbeya au Njombe anastahili jeti ndogo kidogo kuliko za mwenzake wa Tanga, na fundi anayefunga kabureta ya mtumba bila kuuliza gari litafanya kazi wapi ameacha nusu ya kazi.

EFI hupima hewa kwanza, kisha kompyuta huamua nozeli ifunguke kwa milisekunde ngapi. Bosch ya Ujerumani iliingiza mfumo wa namna hiyo, D-Jetronic, kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, na mgawanyiko ulioanzia enzi hizo bado una maana kwa fundi wa leo. Injini nyingine hupima shinikizo lililomo ndani ya manifoldi, nyingine hupima hewa yenyewe inapopita kwenye mita. 22R-E ni ya aina hii ya pili: hewa husukuma kibamba kilichomo ndani ya boksi la mita, na kompyuta husoma kibamba kimefunguka kiasi gani. Kumbuka tofauti hii, kwa sababu uvujaji mmoja wa hewa hutoa dalili mbili tofauti kulingana na aina ya kipimo.

Kuna sababu ya kihistoria ya baadhi ya watu kuiogopa EFI. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliendelea kuuza petroli yenye risasi hadi zilipoiondoa kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na risasi huua sensa ya oksijeni iliyopo kwenye ekzosi. Nadhani sehemu ya sifa mbaya ya EFI ilirithiwa kutoka wakati huo, ingawa mafuta yamekwisha kubadilika.

Hatua ya tatu: ondoa kwanza makosa yasiyo ya mafuta

Plagi zilizochakaa, waya wa plagi unaovujisha umeme, kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) chenye ufa, valvu zilizobanwa kupita kiasi na kompresheni iliyoshuka hutoa dalili zilezile ambazo lawama yake huangukia kabureta au nozeli. Fungua plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta mengi. Weupe wenye chembechembe huonyesha mafuta machache au joto kali. Na ubichi wa oili hukuelekeza kwenye ringi au sili za valvu, ambako hakuna kabureta itakayokusaidia. Plagi moja ikiwa na rangi tofauti na nyingine, kosa lipo kwenye silinda hiyo. Zote zikiwa nyeusi, kosa ni la mfumo mzima.

Kagua pia thamostati. Mafundi wengi huitoa ili injini isichemke, na kwenye gari la kabureta madhara yake huchelewa kuonekana. Kwenye EFI madhara huanza siku hiyohiyo: maji hayafiki nyuzi joto 80, sensa ya joto huendelea kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, na kompyuta huongeza mafuta kutwa nzima. Gari la namna hiyo halina ugonjwa wa EFI. Rudisha thamostati, safisha rejeta, kisha pima upya ulaji wa mafuta.

Hatua ya nne: kagua EFI kwa utaratibu

Anza na kompyuta, kwa kuwa husema yenyewe. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 na kabla yake, tafuta chini ya boneti kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa imezimwa, throto imefungwa na vifaa vyote vya umeme vimezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na la E1 (kwenye baadhi ya magari ya zamani tundu la kwanza huandikwa T), kisha washa swichi bila kupiga starta. Taa ya injini ikipepesa kwa mfululizo usiobadilika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha mara mbili tena, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni kipimo cha hewa na 41 ni sensa ya throto. Baada ya matengenezo, futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika. Magari mapya zaidi huwa na soketi ya uchunguzi, OBD2, yenye pini 16 chini ya dashibodi, na kifaa kidogo cha kusomea hutosha.

Usinunue sensa kwa kuwa tu namba yake imetokea. Namba humaanisha kwamba mzunguko huo wa umeme una kasoro, na mara nyingi kasoro ni plagi yenye kutu au waya uliokatwa na panya. Sensa ya joto la maji ya Toyota hupimwa kwa mita ya kawaida: katika nyuzi joto 20 huonyesha kiloomu 2 hadi 3, na katika nyuzi joto 80 hushuka hadi kiloomu 0.2 hadi 0.4. Ikitoa vipimo hivyo, iache, ufuate waya.

Kisha tafuta hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Kwenye injini yenye mita ya hewa, kama 22R-E, hewa yoyote inayoingia baada ya mita haijahesabiwa, hivyo mchanganyiko hukosa mafuta, injini hutetemeka ikiwa kwenye sailensi (mzunguko wa polepole bila kukanyaga mafuta) na hukohoa unapokanyaga. Likunje bomba la mpira lililo kati ya mita na throto huku ukichungulia kwenye mikunjo yake, kwa sababu nyufa hujificha humo na hufunguka injini inapotikisika. Kuna jaribio la haraka lisilo na gharama: injini ikiwa inazunguka kwenye sailensi, fungua kifuniko cha kuongezea oili. Injini nzima hutetereka au huzima. Isipojali kabisa, fahamu kwamba kuna uvujaji mwingine mahali fulani uliokwisha kuizoesha. Kwenye injini inayopima shinikizo la manifoldi hali ni kinyume. Hewa ya wizi hupandisha shinikizo, kompyuta huongeza mafuta, na dalili huwa sailensi iliyopanda juu bila sababu. Fundi asiyejua tofauti hii hulegeza skrubu ya throto ili kuishusha sailensi, na kwa kufanya hivyo huvuruga sensa ya throto pia.

Baada ya hewa, nenda kwenye mafuta. Pampu ya EFI husukuma kwa shinikizo la takriban baa 2.5 hadi 3.5, wakati pampu ya kabureta inayoendeshwa na injini haifiki hata nusu baa. Kwa sababu hiyo usilegeze mpira wowote kabla ya kushusha shinikizo: chomoa fyuzi au relei ya pampu injini ikiwa inazunguka, iache izime yenyewe, kisha funika kiungio kwa kitambaa unapofungua. Kwenye kiboksi kilekile cha Toyota, kuunganisha Fp na +B huku swichi ikiwa imewashwa huendesha pampu bila injini kuzunguka. Sikiliza kwenye tangi, kisha shika mpira wa kurudishia mafuta. Pampu ikinguruma lakini mpira haupitishi kitu, badilisha chujio kabla ya kuilaumu pampu. Pampu isiponguruma kabisa, pima umeme kwenye plagi yake, kwa kuwa relei na waya wa bodi huharibika mara nyingi kuliko mota.

Nozeli huja mwisho, ingawa ndizo hutajwa kwanza. Weka bisibisi ndefu kwenye kila nozeli na sikio kwenye mpini. Zote zinapaswa kugonga kwa sauti moja. Pima omu za kila moja na ulinganishe: nyingi za Toyota huwa karibu omu 13 hadi 14, za mifumo ya zamani huweza kuwa omu 2 hadi 3, na kinachotafutwa ni ile isiyofanana na wenzake. Nozeli iliyoziba husafishwa kwa mashine yenye kuonyesha mnyunyizo. Kumwaga dawa ya chupa kwenye tangi hakufungui nozeli iliyokwisha kuziba.

Injini zenye kurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za D-4 za Toyota, zina pampu ya pili yenye shinikizo la makumi ya baa. Hatua za sensa na hewa zinafaa kwao pia, lakini laini yao ya mafuta isifunguliwe na mtu asiye na vifaa na mafunzo yake.

Hatua ya tano: tengeneza kabureta iliyopo

Kwa gari lililozaliwa na kabureta, nunua kwanza seti ya vipuri vya matengenezo inayolingana na namba ya kabureta, yenye gasketi, sindano ya boya na mpira wa pampu ya kanyagio. Chomoa betri, acha injini ipoe, na upige picha kila mpira wa vakyumu kabla ya kuuvua, kwa maana kabureta ya 22R ina mipira mingi kiasi kwamba kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Kabla ya kung'oa skrubu ya mchanganyiko, ifunge polepole hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo, ndipo uitoe. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake hupata alama ya pete na haitarekebishika tena. Jeti ni za shaba na matundu yake yamepimwa kwa usahihi mkubwa, hivyo hazizibuliwi kwa waya wa chuma. Tumia dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, ukipuliza kinyume na mwendo wa mafuta. Tikisa boya karibu na sikio. Likisikika kimiminika ndani, limetoboka, na kabureta itafurika hata ukibadilisha sindano. Uso wa chini wa kabureta uwekwe juu ya kioo bapa kuangalia kama umepinda, kwani kabureta iliyopinda huvuta hewa pembeni ya gasketi na hakuna urekebishaji wa skrubu utakaoituliza.

Ukisharudisha, pasha injini moto hadi choki ifunguke kabisa. Rekebisha sailensi ifikie kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, ambacho kwa injini nyingi za aina hii huwa kati ya mizunguko 700 na 850 kwa dakika, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi injini izunguke haraka na laini zaidi, na urudishe sailensi chini. Kazi hii ifanyike baada ya kuweka taimingi ya moto (wakati wa plagi kutoa moto), si kabla.

Hatua ya sita: ikiwa bado unataka kubadilisha

Hapa ndipo moto wa plagi unapoingia. Distribyuta ya gari la kabureta ina vizito na kopo la vakyumu vinavyosogeza moto mbele, yaani utokee mapema zaidi, kadiri injini inavyozunguka haraka. Kwenye injini nyingi za EFI vitu hivyo havimo, kwa kuwa kompyuta ndiyo husogeza moto. Fundi akiondoa kompyuta, akafunga kabureta na kuacha distribyuta ileile, gari linaweza kuwaka na kutulia vizuri kwenye sailensi, mteja ataridhika gereji, na barabarani moto utabaki pale ulipo hata kwenye mizunguko 4,000. Matokeo ni injini nzito, ekzosi yenye joto kali na ulaji wa mafuta unaozidi ule uliomleta mteja. Gari la gia otomatiki linalodhibitiwa kwa umeme hupata tatizo la ziada, kwani gia zake hutegemea sensa ya throto iliyotupwa.

Ikiwa spea za EFI hazipatikani kabisa mahali ulipo, basi badilisha mfumo mzima kutoka injini ndugu: manifoldi, kabureta, distribyuta na pampu ya mafuta ya shinikizo dogo, kwa mfano vitu vya 22R kuingia kwenye 22R-E. Pampu ya EFI isiachwe kwa hoja kwamba bado ni nzima, kwa sababu baa 3 huishinda sindano ya boya, petroli humwagika juu ya manifoldi yenye moto, na magari yameungua kwa njia hiyo. Umeme wa pampu mpya upitie relei inayokata injini inapozima, ili gari likipinduka pampu isiendelee kumwaga.

Ili kupima ulaji wa mafuta, jaza tangi hadi pampu ya kituo ijikate, tembea kilomita 150 au 200 katika njia yako ya kawaida, jaza tena katika kituo kilekile, na ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo kabla ya matengenezo na baada yake, na vipuri vya EFI vilivyotolewa, pamoja na kompyuta na waya zake, viondoke gereji vikiwa ndani ya gari lako.